Jezi Safi ya Hassani na Kiungo Asiyeonekana

Kabla hujailoweka jezi, isome kwanza. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa marehemu Mama Salome, aliyekuwa akizifua jezi za timu ya Magunia kabla yangu, na mimi nawapa nyinyi, wajukuu zangu mnaocheza, na nyinyi mnaokaa pembeni ya uwanja na vishikwambi vyenu mapajani. Ukishaitia majini umefuta kila kitu. Ishike mabegani, inyanyue kwenye mwanga, iangalie mbele, igeuze nyuma. Tope la ubavuni ni la mtu aliyeteleza kukaba. Tope la mgongoni ni la mtu aliyeangushwa. Kipa mwenye viwiko vyeusi na kifua cheupe anachagua mipira ya kurukia. Na mchezaji ambaye jezi yake imerudi kama ilivyoondoka, na yeye mwenyewe ananukia manukato, mrudishie hiyo hiyo avae tena Jumapili ijayo, usimalize sabuni yako bure.

Mimi ni Mwantumu wa Kwamndolwa, hapa hapa Korogwe, ila ukiulizia Mwantumu watakuuliza yupi. Ulizia Bibi Beseni, utaletwa mpaka mlangoni. Nimezifua jezi za Magunia tangu magoti yangu yakiwa mazima mpaka yalipogoma, na kabati la vifaa lilikuwa chumbani kwangu: mipira, pampu, koni, bukta, yote. Jina la timu waliliweka wabeba mizigo wa sokoni walioianzisha. Watu wa timu nyingine walilicheka, wakasema mtafungwa kama magunia. Tukafungwa kweli, miaka ya mwanzo.

Shule niliishia darasa la nne, lakini majina hayanipotei. Viungo wote waliovaa namba sita ya Magunia nawajua kama ninavyojua wanangu: Rajabu Mbwana aliyekuwa akicheza na meno bandia mfukoni, Peter Shekiondo, Omari Kidevu, Ally Mkwizu aliyeolea Muheza akahama na njumu za timu, Zuberi mfupi, Zuberi mrefu. Nikikaa barazani jioni nawapanga mmoja mmoja, na kila mmoja naikumbuka jezi yake ilivyokuwa ikirudi.

Niwape na la kazi kabla sijasahau, maana kufua mnakudharau. Udongo wa huku karibu na mto ni mweusi, unanata. Huo uache ukauke kabisa, uukung'ute, ndipo uloweke kwenye maji baridi. Ukiuwahi ukiwa mbichi unausambaza tu. Udongo mwekundu wa Handeni ni mwingine. Ule ni vumbi, unaingia ndani ya uzi, na ukiutia maji ya moto umeupika humo humo, jezi nyeupe itakuwa na rangi ya chai ya maziwa mpaka ichanike. Maji baridi, sabuni ya mche, na subira. Majani ya uwanjani yakitia kijani, paka ndimu. Namba za mgongoni zisianikwe zikiangalia jua, zinajikunja. Igeuze jezi ndani nje. Mambo haya hayamo kwenye simu zenu, nimeshauliza.

Sasa, kusoma jezi hakukuwa mchezo wangu peke yangu. Kila Jumatatu asubuhi kocha wetu, Kocha Mhina, alikuwa anapita kwangu kabla ya kwenda kazini kwake. Anakuta nimezipanga jezi kwenye mkeka, kavu na tope lake, kila moja na namba yake. Anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai, tunazisoma. Wachezaji waliiita mahakama. Na ilikuwa mahakama kweli, maana watu waliwekwa benchi pale, na wengine walirudishwa kikosini pale pale, chai ikiwa haijapoa.

Walijaribu kuidanganya. Kulikuwa na winga mmoja, Athumani, mvivu wa kutupwa lakini mwenye akili. Mechi ikiisha anajigaragaza kwenye tope nyuma ya goli ndipo aje kuvua jezi. Jumatatu Kocha Mhina akainyanyua ile jezi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama Mwantumu, huyu kaanguka mbele na nyuma kwa pamoja."

"Kama andazi kwenye unga," nikamwambia.

Athumani aliitwa Andazi mpaka anastaafu mpira. Ana wajukuu sasa, na wao wanaitwa watoto wa Andazi.

Nimeyasema hayo mjue kwamba mahakama ile tuliiamini. Ilikuwa imetufikisha mbali. Ndiyo maana ninataka niwasimulie habari za Yohana Saningo, maana kwake nusura tumpoteze kiungo kwa kuamini macho, na aliyekuja na hesabu naye nusura ampoteze kwa kuamini hesabu.

Ulikuwa mwaka ule Magunia tulipoingia ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza. Dirisha la usajili lilikuwa linakaribia kufungwa, na kikosini ilibaki nafasi moja tu, ya kiungo mkabaji, namba sita. Waliokuwa wakiigombea ni vijana wawili.

Wa kwanza Idi, mtoto wa jirani yangu wa ukuta mmoja. Idi alikuwa na mguu wa dhahabu. Akipokea mpira uwanja unanyamaza. Atakupiga tobo katikati ya miguu, atakupiga kanzu juu ya kichwa, halafu atakugeukia akucheke. Na heshima anayo, hanipiti bila shikamoo, na ndoo yangu ya maji hakuiacha bombani hata siku moja.

Wa pili ndiye Yohana. Huyu alitoka Mazingara, kule Handeni, kwa wafugaji. Alimaliza kidato cha nne akaja huku, akapata kazi ya ulinzi kwenye duka la mbao, na jioni anafanya mazoezi na sisi. Mrefu, mkimya, jezi inamning'inia. Mpira alikuwa hautafuti. Akiupata anampa mtu wa karibu, basi. Idi alikuwa akimtania kila siku, akimwita mgosi, yaani bwana, kama wanavyoitana wanaume wa huku.

"Mgosi, mpira unauogopea nini? Haung'ati."

"Si unao wewe," Yohana anamjibu. "Tukiutaka wote wawili, wale wengine atawaangalia nani?"

Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka.

Yohana alinieleza mwenyewe mambo yake, siku aliyokuja kuchukua soksi. Baba yake, Mzee Saningo, alikuwa amempa muda mpaka usajili ufungwe. Jina lake likiwemo, abaki Korogwe acheze. Lisipokuwemo, arudi nyumbani, maana kaka yake mkubwa ameoa na kuhamia upande wa Kilindi, na ng'ombe hawana mtu. "Na nikirudi, Bibi, sitoki tena," akaniambia. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Mwaka huo huo kamati ilituletea Rama. Rama ni mtoto wa Korogwe, amesomea takwimu huko chuoni, akarudi na kishikwambi na miwani. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni mwa uwanja na kugusa kioo. Kiungo akipiga pasi ikafika, anagusa. Isipofika, anagusa kwingine. Akinyang'anya mpira, anagusa. Mechi ikiisha anamtolea kocha picha zenye nguzo nguzo, ndefu na fupi, za rangi.

Sitawadanganya kwamba nilimpenda siku ya kwanza. Alikuja mahakamani Jumatatu, akanisalimia vizuri, akakaa, akaona tumeinua bukta ya mtu tunaijadili. Akauliza kwa upole, "Kocha, na uwanja ukiwa mkavu mnasoma nini?"

Kocha Mhina akaniangalia. Mimi nikaiangalia chai.

"Vumbi," nikasema.

"Na mkicheza kwenye nyasi nzuri?"

"Nyasi nzuri ziko wapi, mwanangu?"

Akacheka sana, na toka hapo tukawa marafiki. Jumatatu zote alikuja, na alikuwa mlaji mzuri wa mihogo.

Kuhusu namba sita, Rama hakuwa na wasiwasi. Nguzo ya Idi ilikuwa ndefu kuliko ya Yohana kwa kila kitu: pasi, pasi zilizofika, mipira aliyogusa. Ya Yohana ilikuwa kijisiki. Na macho yangu yalisema vile vile, Idi. Macho ya Kocha Mhina yalisema Idi. Wauza miwa pembeni ya uwanja walisema Idi. Ni mara chache sana macho na hesabu vinakubaliana hivyo, na vilipokubaliana hatukuona haja ya kuuliza tena. Kocha akasema Ijumaa atapeleka jina la Idi.

Hapo katikati kukatokea jambo lingine ambalo tulidhani halihusiani kabisa. Beki wetu wa kati, Hassani, alianza kurudi na jezi safi.

Hassani alikuwa mtu wa tope. Jezi yake nilikuwa naiweka beseni la peke yake. Goti la bukta lilikuwa limechanika na mimi nimelishona na kulishona. Sasa ghafla kuna mechi inarudi na vumbi kidogo tu begani, bukta haina alama. Mechi inayofuata chafu. Halafu tena safi. Na Hassani alikuwa ametoka kuoa.

"Ndoa hiyo," Kocha Mhina akasema, ameishika jezi kama mtu ameshika barua ya msiba. "Mama Mwantumu, huyu sasa anaogopa kuumia. Anataka kurudi nyumbani mzima."

"Mkewe mzuri," nikasema. "Hata mimi ningeogopa."

Tukamhukumu. Hassani akawekwa benchi. Kesho yake alasiri alikuja kwangu, kasimama mlangoni hakai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapana, nimekuja kuuliza tu. Kocha anasema jezi yangu imenishitaki. Bibi, nilitakiwa nianguke hata kama hakuna aliyenijia?"

"Kwani hakuna aliyekujia?"

"Mimi najua? Mechi nyingine wanakuja kama siafu, mechi nyingine nimesimama naangalia mawingu. Sijui wanapotelea wapi."

Akaondoka amenuna. Mimi nilikaa na maneno yale. Kusema kweli sikuyaelewa, ila yalinikwama, na Rama alipopita jioni kuchukua koni nikamsimulia, kama umbea tu.

Rama akaweka koni chini. "Bibi, jezi ya Hassani ilikuwa safi mechi zipi?"

Hapo mtu asiyekumbuka majina angeshindwa. Nikamtajia. Tulivyocheza na wale wa Mombo, safi. Wale wa Hale, chafu mno, tope mpaka kwenye kola. Bonanza la Manundu, safi. Wale walimu, chafu. Ile ya mwisho na vijana wa reli, haikuwa safi wala chafu, tope upande mmoja tu.

Rama alikuwa amewasha kile kishikwambi, anateremsha kidole. Kila nikitaja mechi anakisogeza kioo karibu zaidi na miwani. Mwisho akakilaza mkekani.

"Bibi. Zile safi zote namba sita alikuwa Yohana. Zile chafu alikuwa Idi. Na ile ya vijana wa reli tuliwabadilisha katikati."

Tukatazamana. Nikamwambia, labda bahati. Akasema, inawezekana ni bahati, mechi ni chache, hata yeye hawezi kuapa. Nilimpenda zaidi kwa kusema hivyo. Mwenye hesabu anayejua kuwa hesabu yake ni ndogo ni mtu wa kukaa naye.

"Lakini nguzo yake si ni kijisiki?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nimekuwa nikihesabu anachofanya Yohana na mpira. Sijawahi kuhesabu wapinzani wanafanya nini yeye akiwepo." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Na pasi za Idi, Bibi, zinafika kwa sababu nyingi anamrudishia yule yule aliyempa. Mimi nazihesabu zote sawa."

Nami nikamwambia la upande wangu, maana haki ni kwa wote. Nilimwambia macho yangu yanamfuata Idi kwa sababu yanaufuata mpira, na mpira unamfuata Idi. Yohana wakati huo sijui yuko wapi. Nimeangalia mpira miaka yote hii na sijawahi kumwangalia mtu asiye na mpira, isipokuwa kipa akijikuna.

Tulienda kwa Kocha Mhina usiku haujaingia. Hakufurahi. Kwanza ilikuwa Jumanne, na majina ni Ijumaa. Pili, akasema, "Rama, juzi umeniambia Idi. Leo unaniambia Yohana. Kesho utaniambia Mama Mwantumu?"

"Ningekuwa na magoti," nikasema.

Akacheka kidogo, na kocha akicheka umeshapata nusu. Tukakubaliana hivi. Alhamisi tulikuwa na mechi ya kirafiki, na ilikuwa Mazingara, kwao Yohana, na timu ya vijana wa kule, wakulima na wafugaji waliochanganyika, wenye mbio sana. Kipindi cha kwanza atacheza Yohana, cha pili Idi. Hassani arudi beki. Rama asihesabu pasi kabisa. Ahesabu tu kila wapinzani wanapopata mpira katikati, wanaishia wapi. Na mimi, kocha akaniambia, "Wewe usiangalie mpira. Mwangalie mtu mmoja tu."

Mnafikiri ni rahisi. Jaribuni. Shingo inageuka yenyewe. Mwisho nilifanya hivi: nilinyanyua kiganja mbele ya uso, kila mpira unapokwenda naufunika pale pale, nabaki na wachezaji waliobaki. Walionizunguka walidhani jua linaniumiza, mama mmoja akanipa kanga nijifunike. Njia hii nawaachia nyinyi, ni nzuri kuliko darubini. Funika mpira kwa kiganja na utaona mchezo mwingine kabisa unachezwa chini yake.

Tulikwenda kwa Fuso ya mahindi, mimi mbele na dereva kwa heshima ya magoti, vijana nyuma wakiimba. Uwanja wa Mazingara ni ule udongo mwekundu, mkavu, na watu walikuwa wengi kwa sababu mtoto wao amekuja na timu ya mjini. Mzee Saningo alikuwepo, mrefu kama mwanawe, na fimbo yake, amekaa peke yake kwenye gogo upande wa wenyeji. Nilikwenda kumsalimia. Akaniambia hajawahi kuangalia mpira mpaka mwisho, nikamwomba leo akae mpaka umalizike.

Kipindi cha kwanza nikaufunika mpira na kumwangalia Yohana. Jamani, yule mtoto hakutulia. Anakwenda hatua mbili kushoto, anarudi, anageuza kichwa nyuma kumtafuta Hassani alipo, anasogea tena. Hakimbii, anajongea. Mpinzani anapata mpira, ananyanyua uso apige pasi katikati, Yohana keshasimama kwenye hiyo njia, basi yule anaghairi, anaurudisha nyuma au anaupeleka pembeni kwenye miiba. Mpira Yohana hajaugusa. Ninyi mnaoangalia mpira mngesema yule mpinzani ni mzembe tu, amepiga pasi mbovu. Kipindi kikaisha bila bila, na Hassani alikuwa anaangalia mawingu.

Kipindi cha pili Idi akaingia, na uwanja ukachangamka. Tobo mbili za kupigiwa vigelegele, na moja niliipigia mimi, kiganja kikiwa kimeshuka. Akatoa pasi moja ndefu ya ajabu tukapata goli. Lakini nyuma yake palikuwa wazi kama sebule ya harusi. Wenyeji wakapita katikati, Hassani akaanguka, akainuka, akaanguka. Wakasawazisha. Nusura watufunge la pili, mpira ukagonga mti wa goli. Hassani alipotoka sikujua ni mtu au tofali.

Rama akaja na kishikwambi, akamwonyesha kocha. Sikuhitaji kusomewa. Nusu ya kwanza alama zilikuwa zimezunguka pembeni kama nzi waliozuiliwa na chandarua. Nusu ya pili zimejaa katikati mpaka mlangoni kwetu.

Idi naye alikuwa ameziona. Nilimwogopea. Akakaa chini anafungua njumu, akasema, "Kumbe ndiyo maana nyuma yangu kila siku kuna kelele." Halafu akamtupia Yohana chupa ya maji. "Mgosi, umenificha miezi yote hiyo kwamba unafanya kazi?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unapiga tobo."

Kocha Mhina akawaambia pale pale: Yohana atasajiliwa namba sita. Idi ataingia dirisha dogo, lile la katikati ya msimu, nafasi ya namba nane ikifunguka, mbele ya Yohana, apige tobo zake huku mwenzake anafunga mlango. Idi aliinamisha kichwa, na siku chache hakupita kwangu kuchukua ndoo. Siku ya nne akapita. Siku hizi ndiye nahodha.

Ikabaki Mzee Saningo. Bila yeye kukubali, usajili ulikuwa karatasi tu. Alitukaribisha kwake, tukakalishwa, tukapewa maziwa. Kocha akaeleza kwamba mwanawe amechaguliwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaweka fimbo magotini.

"Nashukuru. Ila nina swali. Nimekaa mwanzo hadi mwisho kama mlivyotaka. Sikumwona akifanya kitu."

Rama akatoa kishikwambi akaanza kumwonyesha alama. Mzee akaziangalia kwa adabu, akamrudishia. Kocha akaeleza habari za njia za pasi. Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mgeni wa lugha nyingine. Ikabidi niingie mimi. Jezi ya Yohana haikuwa hata na vumbi. Nikamuuliza tu, kama mtu anayetafuta pa kushika:

"Mzee wangu, pale ulipokaa walikuwa wanasema nini?"

"Wale vijana wetu?" Akafikiri. "Walikuwa wanamtukana mwanangu."

"Wanamtukanaje?"

"Wanasema, huyu mtoto wa Saningo ni balaa, kila ukigeuka yupo. Mmoja akasema, jamani mtoeni huyu mtu, ametuzibia. Nilikasirika, nikataka kuondoka."

"Na kipindi cha pili?"

"Kipindi cha pili hawakutukana. Walikuwa wanacheka."

Rama alikuwa ameinua kidole kama anataka kugusa kioo, akakishusha. Mzee akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akiangalia chini, na nikaona uso wake unafunguka taratibu.

"Walikuwa wanakutukana wewe tu?" akamuuliza.

"Sikusikia, baba. Nilikuwa nafanya kazi."

Mzee Saningo akacheka kicheko kirefu, cha mtu aliyekuwa amekibana tangu mchana. Akamgeukia kocha.

"Basi akae huko. Andika jina lake. Lakini wakati wa kuchanja ng'ombe mnirudishie. Hapo sina mtu mwingine."

Kocha Mhina akampa mkono haraka haraka bila kuuliza chanjo ni lini. Laiti angeuliza. Ilikuwa katikati ya ligi, wiki ya mechi ngumu kuliko zote, na ahadi ni ahadi, Yohana akapanda gari akaenda kwao. Tukamwazima Idi, aliyekuwa ameshaingia dirisha dogo, ile namba sita, Hassani akarudi na tope mpaka masikioni, tukatoka sare kwa rehema za Mungu. Jioni ile Rama akapiga simu Mazingara, kocha na mimi na timu nzima tumemzunguka, kuuliza chanjo imefikia wapi. Akapokea mzee mwenyewe.

"Wetu tumemaliza," akasema. "Mwambieni kocha avumilie kidogo. Bado ng'ombe wa mjomba wake."